Kicheko Mlangoni pa Kilio: Uhakiki wa Hadithi ya Picha ya Hiromu Arakawa

Neno "manga" si geni katika lugha yetu. Wazee wa pwani waliita nchi za Arabuni Manga, na mtu wa huko akaitwa Mmanga, na hata leo kila mpishi ana pilipili manga jikoni kwake. Neno la Kijapani lenye sauti hiyo hiyo halina udugu na hilo letu. Kwao huandikwa kwa herufi mbili zilizotoka Uchina, na maana yake ya asili ni picha zilizochorwa kwa kufuata matakwa ya mkono, bila ya taratibu kali. Mchoraji Hokusai alilitumia mwaka 1814 alipoanza kutoa vitabu vyake vya michoro. Siku hizi Wajapani hulitumia kwa hadithi isimuliwayo kwa picha na maneno pamoja. Kitabu cha manga hufunguliwa na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama zilivyosomwa tenzi zetu katika miswada ya herufi za Kiarabu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aliyezoea miswada hiyo hatapotea njia katika ukurasa wa kwanza.

Nia ya makala haya ni kuchungua kitabu kimoja cha namna hiyo, na kujaribu kujibu swali moja. Je, hadithi inayosimulia mauaji ya kabila zima, kufiwa, na dhambi ya mzazi juu ya mwanawe, yaweza kuchekesha karibu katika kila sura bila ya kujivunjia heshima? Swali hili si la upuuzi. Hadithi ninayoizungumzia ilichapwa katika gazeti la wavulana, na mtu amsimuliaye kijana habari za mauaji huku akimchekesha amebeba mzigo mzito. Akikosea, amemfundisha kucheka penye maiti.

Mtungaji ni mwanamke. Hiromu Arakawa alizaliwa mwaka 1973 huko Tokachi, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani, nyumbani kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alifanya kazi katika shamba la wazazi wake kwa miaka saba kabla ya kwenda Tokyo mwaka 1999 kutafuta riziki kwa kalamu. Naye anapojichora mwenyewe katika vitabu vyake, hujichora katika sura ya ng'ombe aliyevaa miwani. Hadithi yake kubwa, "Hagane no Renkinjutsushi," ilitoka kila mwezi katika gazeti la Shonen Gangan tangu mwaka 2001 mpaka mwaka 2010. Sura zake ni 108, nazo zilikusanywa katika vitabu 27. Ilipewa tuzo ya Shogakukan mwaka 2004, na kufikia mwaka 2021 nakala zake zilihesabiwa kuwa milioni 80. Mara mbili iliingizwa katika televisheni: mwaka 2003, ambapo watengenezaji walijitungia mwisho wao kwa kuwa kitabu kilikuwa hakijamalizika, na mwaka 2009, ambapo walikifuata kitabu. Mimi nazungumza juu ya kitabu.

Jina la hadithi ni kama kusema "Fundi wa Alkemia wa Chuma cha Pua," na wasomaji wa nchi za Magharibi huijua kwa jina la "Fullmetal Alchemist." Alkemia ni elimu ya kale ya kugeuza vitu, na jina lake limetoka katika Kiarabu kama lilivyotoka jina la kemia. Katika nchi ya kubuni iitwayo Amestris, elimu hiyo ni ya kweli, ina shule na vitabu, na serikali huajiri mafundi wake na kuwapa vyeo vya kijeshi. Sheria yake kuu ni ya mbadala ulio sawa: mtu hapati kitu ila kwa kutoa kitu cha thamani iyo hiyo. Mswahili aliisema sheria hiyo zamani kwa njia yake, kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, wanafiwa na mama yao wakali watoto. Baba yao ameondoka nyumbani. Wakiwa na umri wa miaka kumi na moja na kumi, wanajaribu kumfufua mama kwa alkemia, jambo ambalo limekatazwa. Kinachotokea katikati ya duara walilolichora si mama. Edward anapoteza mguu wa kushoto. Alphonse anapoteza mwili wote. Katika dakika ile ile Edward anautoa mkono wake wa kulia ili aifunge roho ya mdogo wake ndani ya deraya kuukuu iliyokuwa imesimama chumbani. Tangu siku hiyo mmoja ana mkono na mguu wa chuma, na mwingine ni vazi la chuma lisilo na mtu ndani. Edward anaingia katika utumishi wa serikali akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ndugu hawa wanazunguka nchi wakitafuta jiwe la wanafalsafa, ambalo yasemekana huvunja sheria ya mbadala. Baadaye wanatambua kwamba jiwe hilo hutengenezwa kwa roho za watu walio hai, na kwamba nchi yao yenyewe iliundwa ili iwe tanuri la kulitengenezea.

Huo ndio mfupa wa hadithi, na kila mtu aona kwamba ni mfupa wa tanzia. Walakini msomaji akifungua kitabu popote, aghalabu atakutana na kichekesho. Edward ni mfupi kwa umri wake, na mtu akilitaja jambo hilo, au hata akionekana kana kwamba amelitaja, Edward hupandwa na wazimu: macho humtoka, mdomo hupanuka kuliko kichwa, na mwili hugeuka kuwa mchoro wa mistari mitano. Ukurasa unaofuata wawezekana ukawa wa kaburi. Wapo wanaosema kwamba mchanganyiko huu ni kasoro. Kwamba mtungaji ameogopa kuwachosha watoto, na kwa hiyo amenyunyiza sukari juu ya dawa chungu. Kama ndivyo, basi kichekesho kingekuwa kitu cha nje, ambacho mtu aweza kukipangusa na dawa ikabaki.

Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Katika kitabu hiki kicheko na kilio vinatoka katika chungu kimoja. Arakawa huchagua jambo moja, kwa kawaida jambo dogo la mwilini au la tabia, na kulifanyia mzaha mara nyingi mpaka msomaji alizoee na kulipenda. Kisha, wakati msomaji ameacha kulifikiri, mtungaji huligeuza jambo lile lile na kuonyesha upande wake wa pili, na upande huo ni jeraha. Wahenga walisema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nami sijui maneno yawezayo kuueleza utaratibu wa kitabu hiki vizuri zaidi ya hayo. Yafaa sasa nitoe ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni huo ufupi wa Edward. Tangu sura ya kwanza watu wanaosikia sifa za fundi wa chuma humwendea Alphonse, kwa sababu ya ukubwa wa deraya yake, wakidhani kwamba yeye ndiye. Na Edward hulipuka. Wajapani humwita punje ya maharagwe na majina mengine ya namna hiyo. Hapa mwanafunzi wa lugha hawezi kuacha kuona kwamba Kiswahili kina chombo cha mzaha huu katika mwili wake. Ngeli zetu hupunguza na kukuza kwa kiambishi kimoja: Edward ni kijitu, na deraya ni jitu. Tena kiambishi hicho cha kupunguza kina ndimi mbili, maana mama amwitaye mwanawe "kitoto changu" hutumia silabi ile ile aitumiayo adui asemaye "kijitu hiki." Hayo ndiyo yatokeayo katika hadithi. Kwa vitabu vingi ufupi ni dharau ya kuchekesha. Kisha Edward anaanza kuwaza kwamba mwili wa mdogo wake haukufa bali upo mahali pengine, ukitazamia kurudishwa. Na kwamba labda yeye, ambaye hula sana na kulala sana kuliko wenziwe, anakula na kulala kwa ajili ya miili miwili. Kama ni hivyo, mtoto huyu hakurefuka kwa kuwa nusu ya chakula chake ilikuwa ikimlisha ndugu yake. Mzaha wote wa nyuma wabadilika rangi. Msomaji aliyemcheka kijitu atambua kwamba alikuwa akicheka kipimo cha mapenzi.

Ushahidi wa pili ni Izumi Curtis, mwalimu wa ndugu hawa, mke wa mwuza nyama katika mji wa Dublith. Huyu ni mwanamke mkali ambaye huwarusha watu wazima kama magunia, kisha akiulizwa ni nani hujibu kwamba ni mama wa nyumbani tu. Katikati ya ushujaa wake hutapika damu, mumewe humkimbilia kumshika, na mambo haya yamechorwa kwa namna ya kuchekesha. Msomaji huchukulia kwamba damu hiyo ni mchezo wa wachoraji tu. Lakini baadaye twaambiwa sababu yake. Izumi alizaa mtoto asiyekuwa hai, akajaribu kumrudisha kwa alkemia kama wanafunzi wake walivyojaribu kumrudisha mama yao, na bei aliyotozwa ilikuwa baadhi ya viungo vya ndani ya tumbo lake. Mtungaji hakuwa na haja ya kuubadili mchoro. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni elimu ya msomaji.

Ushahidi wa tatu ndio mkubwa, nao ni wa Maes Hughes, luteni kanali katika idara ya uchunguzi ya jeshi. Hughes ni mcheshi wa kuudhi. Hutembea na picha za mkewe na binti yake mdogo, na kumwonyesha kila mtu apende asipende. Humpigia simu rafiki yake Kanali Mustang kwa simu ya jeshi, si kwa jambo la kazi, bali kumweleza mtoto amefanya nini leo. Na Mustang humkatia simu kwa hasira. Huyu Mustang naye ana mzaha wake: alkemia yake ni ya moto, kwa hiyo siku ya mvua hafai kitu, na maofisa walio chini yake humwambia hivyo mbele ya watu.

Sasa tazama jinsi mizaha mitatu, yaani picha, simu na mvua, inavyokusanywa mahali pamoja. Hughes anagundua siri ya kuundwa kwa nchi. Simu ya jeshi haiaminiki tena, naye anakimbilia kibanda cha simu cha barabarani ili ampigie Mustang. Adui aliyemfuata ana uwezo wa kujigeuza, naye anachukua sura ya mke wa Hughes. Hughes ana kisu mkononi, na ajua kabisa kwamba aliye mbele yake si mkewe, lakini mkono unakataa kuupiga uso ule kwa muda wa kupumua mara moja. Muda huo unatosha. Mustang anapokea simu, safari hii akiwa tayari kumsikia rafiki yake, na hakuna anayejibu. Katika mazishi, binti anauliza kwa nini baba anafukiwa ilhali ana kazi nyingi za kufanya. Watu wakiisha kuondoka, Mustang anabaki kaburini na kusingizia mvua kwa mambo yaliyo usoni mwake, hali mbingu hazina wingu. Mtu ambaye hajausoma ule mzaha wa mvua ataliona jambo hili kuwa zuri. Aliyeusoma ataliona kuwa la lazima.

Mfano mmoja ni wa kinyume, nao wafaa kutajwa kwa sababu waonyesha kwamba mtungaji ajua pia wakati wa kufunga mdomo. Shou Tucker ni fundi wa serikali ambaye sifa yake ni kutengeneza mnyama wa mahuluti awezaye kusema. Ana binti mdogo, Nina, na mbwa mkubwa. Kurasa za mwanzo ni za furaha tupu: mbwa anamwangukia Edward na kumlalia, mtoto anacheka, Alphonse anacheza nao uani. Siku moja Tucker anawaonyesha ndugu hawa mnyama mpya. Edward amepiga magoti mbele yake, na mnyama anamtamka Edward kwa jina la udugu ambalo Nina alizoea kumwita. Basi Edward ajua. Anapanga tarehe kichwani: mke wa Tucker aliyesemekana kuondoka nyumbani, na mnyama wa kwanza aliyesema.

Mwenye kuijua lugha aone hapa jambo dogo lenye uzito. Kijapani, kama Kiswahili, humfundisha mtoto kumwita kijana aliyemzidi umri kwa neno la udugu hata kama hawakuzaliwa pamoja. Siri yote ya uovu wa Tucker inafichuliwa na neno hilo moja. Katika lugha ambazo mtoto humwita kila mtu kwa jina lake, mfasiri hupata taabu kubwa hapa, kwani hana budi kulitia mdomoni mwa mtoto neno asilolitumia mtoto yeyote wa lugha hiyo. Kwetu neno ni "kaka," nalo lingekaa mahali pake kana kwamba lilizaliwa hapo. Na baada ya neno hilo hakuna mzaha tena mpaka mwisho wa kisa. Kijapani ni tajiri wa tanakali za sauti, na wachoraji huziandika katika picha kwa herufi kubwa. Hata kimya kina sauti yake iandikwayo, "shiin," kama sisi tusemavyo kimya ji, giza totoro, na kulala fofofo. Lugha zenye desturi hiyo zajua kwamba kunyamaza nako ni kutenda. Msomaji aliyechekeshwa kurasa nyingi husikia kunyamaza kwa mcheshi kuliko asikiavyo kunyamaza kwa mtu wa huzuni.

Nimesema kwamba kitabu kinasimulia mauaji ya kabila zima, na hapa ndipo swali letu linapopata makali. Jeshi la Amestris lilipigana vita na watu wa Ishval kwa miaka saba, kisha kwa amri iliyopewa nambari 3066 likawapeleka mafundi wa alkemia kuwamaliza. Watu wale wale tuliowapenda kwa vichekesho vyao, yaani Mustang, Hughes, na Meja Armstrong, walikuwako. Armstrong ni mtu mkubwa wa mwili ambaye hapitishi siku bila ya kuvua shati, kutunisha misuli, na kujisifia sanaa zilizorithishwa katika ukoo wake. Machozi humtoka kwa jambo lolote, na sisi tumekuwa tukimcheka. Katika kisa cha Ishval twamwona akilia juu ya maiti, asiweze kuendelea, mpaka akarudishwa nyumbani kama mtu aliyeshindwa. Kumbe machozi yale ya kuchekesha ndiyo yaliyokuwa akili timamu pekee katika uwanja ule. Waliokuwa hawalii ndio walioendelea kuua, na wakapata nishani.

Mtungaji mwenyewe amezaliwa katika nchi yenye historia. Hokkaido ilikuwa nchi ya Waainu. Serikali ya Japani iliunda idara ya kuiendeleza mwaka 1869, walowezi wakamiminika, na sheria ya mwaka 1899, ambayo haikufutwa mpaka mwaka 1997, ilikusudiwa kuwafanya Waainu kuwa Wajapani kwa kilimo na kwa shule. Mjukuu wa walowezi anapoandika habari za watu walionyang'anywa nchi, na kuziandika kwa upande wa askari aliyenyang'anya, haandiki jambo la mbali. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye sababu ya ndani ya vichekesho vyake. Askari wauaji wasingechekesha, kijana angesoma na kusema kwamba wao ni watu wabaya, nasi si wao. Kwa kuwa amewacheka na kuwapenda kwanza, hana pa kukimbilia. Anajikuta amekaa chumba kimoja na mwuaji, na mwuaji anamwonyesha picha ya mtoto wake.

Sisi tuliozaliwa katika nchi za utani hatuna haki ya kushangazwa sana na mchanganyiko huu. Mtani anapoingia msibani haji kuomboleza kwa taratibu. Huja kumwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, hulala kaburini na kuzuia maziko mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna asemaye kwamba amemvunjia marehemu heshima. Angekosekana ndipo wangesema msiba umepooza. Arakawa hana habari ya watani wetu, lakini mwishoni mwa vitabu vyake ana desturi inayofanana na yao: wale waliokufa katika kitabu hicho huchorwa wadogo sana, wenye mabawa, wakipaa mbinguni kwa sura ya kuchekesha. Hata Wajapani waliomtangulia walikuwa na jambo hili. Osamu Tezuka, aliyekufa mwaka 1989, alikuwa akikatiza mahali pa huzuni kwa kijimdudu chenye viraka na pua kama ya nguruwe, kisichohusu chochote. Tofauti ni kwamba kijimdudu cha Tezuka hukatiza huzuni tu, lakini mzaha wa Arakawa huidai huzuni kama mtu adaivyo deni.

Haitakuwa haki kukisifu kitabu bila ya kuonyesha mahali kilipopunguka. Kwanza, mzaha unaorudiwa kwa vitabu 27 huchakaa. Misuli ya Armstrong, ikiisha kutoa maana yake huko Ishval, yaendelea kutuniswa hata pale ambapo haina la kusema tena, na hasira za Edward huja mara nyingine kwa mazoea tu. Pili, na hili ni kubwa zaidi, karibu na mwisho Mustang amepofuka macho, na Daktari Marcoh anampa jiwe la wanafalsafa ili aone tena, kwa sharti kwamba awatengenezee watu wa Ishval nchi yao. Jiwe hilo limetengenezwa kwa roho za Waishval wenyewe. Edward alikataa kulitumia jiwe la namna hiyo kwa ajili ya ndugu yake, na kitabu kizima kimetufundisha kumheshimu kwa kukataa. Sasa mwuaji anarudishiwa macho kwa maisha ya wale aliowaua, na mambo yanapita haraka, katika kurasa chache zenye upole, kana kwamba sharti likikubaliwa hesabu imekwisha. Walioko ndani ya jiwe hawakuulizwa. Mtungaji aliyekuwa mwangalifu wa bei ya kila kitu tangu ukurasa wa kwanza amesahau hapa kututajia bei, na wepesi wa mwisho wa hadithi umemsaidia kuificha.

Walakini dosari hiyo haiubomoi mwisho wenyewe. Edward anampata tena ndugu yake kwa kuitoa alkemia yake yote, kitu pekee ambacho ulimwengu ulimheshimu kwacho, na kubaki mtu wa kawaida. Yeye na Alphonse wanakata shauri kwamba sheria ya mbadala ulio sawa haitoshi: mtu akipokea kumi, aongeze moja lake, ampe mwenziwe kumi na moja. Tena kuna mazungumzo katika kituo cha gari moshi, ambapo Edward, kwa kuona haya, anamposa Winry, fundi wa mkono wake wa chuma, kwa lugha ya hesabu: nusu ya maisha yake kwa nusu ya maisha ya Winry. Winry anaikataa hesabu hiyo, ataka kutoa yote, kisha anaanza kupunguza kidogo kidogo kama mtu apatanaye bei sokoni, mpaka Edward anashindwa kwa kicheko. Sheria iliyowakata miguu na mikono, iliyoiba mwili wa mtoto, na iliyoihalalisha tanuri ya serikali, inavunjwa na msichana mmoja kwa mzaha. Kwa kurasa zote za nyuma mzaha ulikuwa ukielekea kwenye kilio. Katika ukurasa huu kilio kimeelekea kwenye mzaha, na deni limelipwa.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba hadithi ya namna hii yaweza kuchekesha bila ya kujivunjia heshima, kwa sharti moja: kila kicheko kiwe na jambo la kweli nyuma yake, na mtungaji awe tayari kulifikia jambo hilo wakati wake ukitimia. Sharti hili halihusu Wajapani peke yao. Hadithi za picha zinazidi kusomwa na vijana wetu, na wahakiki wetu wengi wangali wakizipita kama michezo ya watoto. Kama kuna atakayeifasiri hadithi hii kwa Kiswahili, atazikuta ngeli, tanakali na majina ya udugu vikimngoja, na kazi yake itakuwa nyepesi kuliko ya wafasiri wengi wa Ulaya. Jambo la kumwonya ni moja tu: asiupunguze mzaha kwa kudhani kwamba unaipunguzia hadithi uzito. Akiuondoa mzaha wa mvua kwa haya, hatakuwa na machozi ya kumtoa Mustang kaburini.